Karani Aliyedaka Maneno

Picha ya Wawuda ilipandishwa sokoni Wundanyi asubuhi ya ukungu, na ilipofunguliwa ikafunika ukuta mzima wa jengo la ushirika. Wawuda mwenyewe hakuwapo. Alikuwa zamuni Voi, akiongoza ndege kule chini kwenye joto. Uso wake ndio uliokuwapo, mpana, usiocheka ovyo, na kwenye paji utepe mwembamba wa rangi ya fedha. Chini yake waliandika kwa herufi kubwa: KARANI HUNIBEBEA.

Wauza kabeji waliweka mizigo chini wakatazama juu.

"Huyo ni wa kwetu," mama mmoja alimwambia mwenzake. "Na hiyo mashine imetengenezwa papa hapa. Wakubwa wanapanda kilima kuja kuiomba."

Daktari Mkamburi Mwanyumba alikuwa nyuma yao, kola ya koti imeinuliwa. Aliyasikia hayo akajifanya anasoma simu. Kichwa kilimvimba kidogo na hakuona haya. Yeye ndiye aliyemtengeneza Karani, katika karakana iliyokuwa zamani ghala la viazi, na kwa miaka mingi watu hawa hawa walikuwa wakimwuliza mama yake kama binti amepata kazi.

Simu aliyojifanya kuisoma ikalia kweli. Alikuwa Mwadime, mwenzake wa karakana, msimamizi wa kumbukumbu zote za Karani.

"Uko sokoni? Picha ni nzuri?"

"Ni kubwa."

"Sikiliza basi. Nilikuwa naandaa takwimu za Waziri. Wawuda hajakaa na Karani tangu mvua za masika."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukwambia."

Mkamburi aliinua macho akautazama tena uso ule mpana ukutani. Wiki ile ile Waziri alikuwa anakuja kutia sahihi mkataba wa kiwanda cha kuunda kina Karani.

*

Anga ya nchi nzima iliongozwa kutoka Voi. Ndege zisizo na rubani zilipita mchana na usiku zikibeba damu, dawa, wagonjwa na mizigo ya kila namna, na kila mwongozaji katika Ukumbi wa Anga alibeba mia tatu peke yake. Hakuzitazama kwenye skrini. Alizijua, jinsi mtu anavyojua vidole vyake viko wapi gizani, kwa sababu ya kipokezi kidogo kama punje ya mtama kilichopandikizwa nyuma ya sikio.

Taabu ilianza zamu ilipokwisha. Kipokezi kilizimwa, kichwa hakikuzimika. Mwongozaji alifika nyumbani, akaketi mezani, na mawazo yakaendelea kumiminika: ndege ile ya Garissa, upepo ule wa Chyulu, karo, meno ya mtoto, neno alilosema bosi, yote kwa pamoja na kwa sauti moja. Watu wa Voi waliuita ugonjwa huo kujaa. Wakisema fulani amejaa, kila mtu alielewa kwamba fulani halali, anamwacha mkewe katikati ya sentensi, na huenda siku moja akatembea hadi katikati ya barabara kuu akasimama. Mwadime alikuwa mwongozaji zamani, na ndivyo walivyomkuta, amesimama katikati ya malori.

Karani alikuja kuwatibu hao. Utepe wake ulisikiliza sehemu ya ubongo inayoandaa maneno kabla hayajafika mdomoni, ukayadaka, ukayaandika. Mtu aliketi nusu saa, macho amefumba, na mbele yake kurasa zikajaa zenyewe. Akiinuka alikuwa mwepesi. Alilala. Mwadime alilala siku mbili mfululizo, na alipoamka aliacha kazi ya anga akapanda kilima kumtafuta mwanamke aliyetengeneza kitu kile, akamwambia, "Nipe kazi yoyote hapa. Hata kufagia."

Siku ile ya picha Mkamburi aliteremka Voi kumtafuta Wawuda, akamkosa. Zamu yake ilikuwa imekwisha mapema. Aliyemkuta katika chumba cha Karani ni Righa, kijana mpole wa Mwatate, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anavua utepe.

"Righa, habari? Umeshindaje leo?"

Righa alimtazama. Alifungua mdomo, akaufunga. Akaitazama skrini iliyokuwa mbele yake.

"Karani anajua," alisema, akasukuma skrini kidogo upande wake.

Alisema kwa heshima, hata kwa tabasamu. Mkamburi alitabasamu pia akatoka. Alikuwa tayari garini, anaipanda ile barabara ya kona nyingi, ndipo alipogundua kwamba kijana yule hakuwa anafanya mzaha.

*

Wawuda aliishi Werugha, nyumba ya mawe yenye matuta ya viazi hadi mlangoni. Walisoma darasa moja yeye na Mkamburi, wakashindania nafasi ya kwanza miaka minne, na mpaka leo hawakukubaliana nani alishinda. Mkamburi aliingia jikoni bila kubisha, kama ilivyokuwa desturi yao.

Wawuda alikuwa mezani anaandika.

Mkamburi hakuwa amemwona mtu mzima akiandika kwa mkono tangu utoto. Wawuda alikuwa amepasua pakiti ya unga ikawa karatasi pana, na kwa penseli iliyochongwa na kisu alikuwa anaandika upande wa ndani. Alinyoosha kiganja kumzuia mgeni asiseme, akamaliza mstari, akaikunja karatasi, akaisukuma mekoni chini ya sufuria. Moto ukaichukua.

"Karibu," alisema. "Nilijua utakuja. Mwadime hawezi kuona nambari pungufu akanyamaza."

"Tangu masika, Wawuda. Na picha yako iko sokoni."

"Picha sikuiomba. Mlikuja na kamera, mkaniambia nigeuke."

"Mbona hukuniambia?"

Wawuda aliteka maji ya chai bila haraka. "Ningekwambiaje? Ulikuwa unatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Nilifurahi kukuona hivyo. Sikutaka mimi ndiye nikuvunje moyo."

"Karani hakukusaidia?"

"Alinisaidia. Wiki za kwanza nilikuwa nataka kukujengea sanamu. Halafu yale mawazo yakaanza kurudi, yale yale, na kila siku yakirudi mapema zaidi. Niliwahi kuinuka kwenye kiti chako na kabla sijafika mlangoni yako kichwani tena. Nikajiuliza, yale aliyoyaandika Karani yako wapi?"

"Yako kwenye hifadhi. Yamefungwa, hakuna anayeweza..."

"Basi sikuwa nimeyatoa. Nilikuwa nimeyahamisha." Wawuda alimsogezea kikombe. "Siku moja umeme ulikatika kule Voi, Karani hakuwaka. Nilikuwa nimejaa mpaka masikio yanalia. Nikachukua pakiti ya unga. Nilitaka kuandika kila kitu kama Karani, nikashindwa. Mkono ni mzito, Mkamburi. Kichwani yako mawazo hamsini, na mkono unaweza moja. Ilinibidi nichague lipi litangulie. Na nikilichagua lazima nitafute neno lake, na nikilipata hilo neno naona, kumbe ni hili tu? Nilipofika la saba yale mengine hayakuwapo. Yalikuwa ni hayo saba yamevaa nguo nyingi."

"Hiyo ni nafuu ya mtu mmoja," Mkamburi alisema. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Mimi nina watu mia nne."

"Mimi ndiye mwongozaji bora kuliko wote katika ukumbi ule," Wawuda alisema, na hakusema kwa majivuno, alisema kama anayetaja urefu wake. "Miezi hii sijakosea hata mara moja. Hao mia nne nenda kawaangalie. Usisome kurasa zao. Zungumza nao."

*

Mkamburi alirudi karakanani na hasira, na kwa sababu ya hasira akafanya jambo la maana. Alitaka kumwonyesha Wawuda kwamba amekosea. Waziri akaahirisha ujio wake, kwa sababu zake mwenyewe, hadi baada ya vuli, na Mkamburi akautumia muda huo. Aliwagawa waongozaji makundi mawili kwa kura. Nusu waliendelea na Karani. Nusu walipewa penseli, karatasi, na maelekezo mafupi: andika kinachokulemea, sentensi baada ya sentensi, usimwonyeshe mtu, kisha ichane.

Ukumbi mzima ulicheka. Wengi hawakujua hata kuishika penseli. Waliikamata kama kijiko. Wiki ya kwanza kundi la penseli lililala vibaya kuliko lile la Karani, na Mkamburi akamtumia Wawuda nambari hizo bila maneno mengine.

Wiki zilizofuata nambari zilianza kutembea. Wa penseli walipanda polepole, kama gari lililopakia. Wa Karani walikuwa juu, wakakaa juu, kisha wakaanza kushuka. Mkamburi alizipanga upya, akabadilisha vipimo, akapima mate yao asubuhi kuona homoni za wasiwasi, akapata jibu lile lile. Usiku mmoja aliota anazisukuma nambari kwa mikono.

Alipofungua tena michoro ya ubongo aliyoichora yeye mwenyewe zamani, ndipo alipoona. Wazo linapotaka kuwa sentensi hupita mahali fulani pembamba, ambapo mwenye wazo huamua: hili ndilo, hivi ndivyo, neno ni hili. Kuamua huko huacha alama, na ile alama ndiyo inayoiambia akili kwamba jambo hili limeshughulikiwa, liache. Karani alidaka neno hatua moja kabla ya hapo. Ndiyo maana alikuwa mwepesi vile. Mtu hakuhitaji kufanya lolote. Maneno yalitoka na alama haikuwekwa. Akili ilingoja kidogo, ikaona jambo bado liko wazi, ikaanza upya. Na ile njia nyembamba, kwa kukaa bila kupitwa, ilikuwa inaanza kuziba.

Alimwita Mwadime akamwonyesha. Mwadime aliifuata michoro kwa kidole.

"Inaziba kwa wote?"

"Kwa wanaomtumia kila siku. Polepole."

"Na mimi?"

"Wewe ulimtumia wiki chache tu, ukaja huku. Ulikuwa unabishana na mimi kutwa nzima. Nadhani hilo ndilo lililokuponya."



*

Radi ilipiga mlingoti wa mashariki alasiri moja, siku mbili kabla ya Waziri kufika. Mkamburi alikuwa ukumbini kukusanya vipimo. Taa zilififia zikarudi. Waongozaji karibu wote walitikisa vichwa wakaendelea. Righa peke yake aliondoa mikono mezani akasema, "Nimekatika."

Kipokezi chake kilikuwa kimenyamaza. Jambo hilo lilikuwa na utaratibu wake na kila mmoja aliufahamu: aliyekatika humwambia jirani yake kwa mdomo anachobeba, kilicho cha haraka kwanza, naye jirani hupokea moja moja. Ndege zenyewe zingeweza kuzunguka hewani kwa muda. Zile zenye wagonjwa hazikuwa na muda, na dhoruba ilikuwa inakuja kutoka Chyulu, nyeusi, inaonekana dirishani.

Jirani yake alikuwa Wawuda. Aligeuza kiti. "Nipe, Righa. La kwanza."

Righa alifungua mdomo. Zote zilikuwa kichwani mwake, usoni ilionekana wazi kwamba zote zimo. Midomo ilicheza, na hakuna neno lililotoka. Mkono wake ulianza kupapasa juu ya meza, unatafuta utepe.

"Mleteeni Karani," mtu alisema.

Walimvika. Karani aliandika mara moja, kwa kasi, na kwa sekunde chache ukumbi ulipumua. Kisha wote walisoma kilichokuwa kwenye skrini. Karani alikuwa anaandika ndege zote mia tatu pamoja na jina la mwalimu wake wa darasa la tatu, harufu ya mvua, wimbo wa kanisani, naogopa naogopa, ndege ya mboga ya Kibwezi, mama ameacha kunywa dawa, ndege, ndege, kiatu kinabana. Kurasa zilipanda juu zikapotea. Lilikuwa ni kila neno lililo ndani ya kichwa cha Righa, na hakuna hata moja lililosimama mbele ya jingine.

Mkamburi aliiona kazi yake yote pale kwenye skrini, ikifanya sawasawa alivyoiumba ifanye.

Wawuda alinyanyuka. Alimvua Righa utepe akauweka pembeni, akachukua kalamu ya wino mzito waliyoitumia kutilia alama masanduku, akamtia mkononi, akamsimamisha mbele ya kioo cha ukumbi.

"Usiniambie," alisema. "Andika moja tu. Ndogo ndogo. Mimi sina haraka."

Alikuwa na haraka. Mkamburi aliona mguu wake unavyopiga sakafu. Sauti ndiyo haikuwa na haraka.

Righa aliweka ncha ya kalamu kwenye kioo. Mstari wa kwanza ulikuwa mkwaruzo. Alianza tena. Herufi zilitoka kubwa na zilizopinda kama za mtoto: TAVETA. MAMA MJAMZITO. Akasimama, akakitazama alichokiandika, mabega yakashuka kidogo.

"Nimeichukua," Wawuda alisema akiwa tayari ameketi. "Nyingine."

VOI KASKAZINI. DAMU. Kisha, haraka zaidi: KASIGAU, MTOTO, MOTO UMEMWUNGUZA. Kisha akageuka, na kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa zamani akasema, "Zilizobaki ni mizigo. Zinaweza kungoja."

Yule mama wa Taveta alitua dakika chache kabla ya dhoruba kufika. Ndege zote tatu zilitua. Righa alikaa sakafuni chini ya kioo, kalamu bado mkononi, analia na kucheka, na wenzake wakawa wanampigapiga mgongoni hata wasijue la kumwambia.

*

"Hakuna aliyekufa," Mwadime alisema kesho yake mchana, karakanani.

"Hakuna."

"Basi tuweke onyo. Kijitabu. Usitumie kila siku." Alikuwa anazunguka meza. "Mkamburi, mimi sitetei kiwanda. Kiwanda nakitaka, watu mia nane wameshajiandikisha, dada yangu mmoja wao, lakini sitetei hicho. Nakutetea wewe usiue kitu kilichonitoa katikati ya barabara. Yuko mwingine leo amesimama barabarani. Mtu aliyejaa kiasi kile huwezi kumpa penseli. Ataila."

"Najua."

"Ukisimama mbele ya Waziri ukasema Karani anadhuru, kesho wataifunga hii karakana, na huyo mtu atakufa. Ukinyamaza, watauza Karani kwa kila kichwa nchini, shuleni hata, na miaka ijayo tutakuwa na nchi ya kina Righa. Sijui lililo sawa. Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye mwenye mashine."

Alitoka akamwacha. Mkamburi alibaki peke yake kwenye mwanga mweupe wa saa nane. Alitambua kwamba hajalala vizuri tangu wiki ya kwanza ya penseli, kwamba alikuwa amemwacha mama yake katikati ya sentensi mara mbili siku ile, na kwamba neno la watu wa Voi lilimhusu. Alikuwa amejaa. Katika miezi yote hiyo hakuwa amejaribu Karani wala penseli. Kujaa kulikuwa ugonjwa wa wengine.

Aliokota penseli kwenye sanduku la majaribio. Vidole havikukumbuka. Aliandika, kwa herufi ambazo mwalimu wake wa zamani angezionea huruma:

Naogopa watu watakosa kazi.

Akaisoma. Ilikuwa kweli, na haikuwa nzito kama alivyodhani. Kazi zingetafutiwa njia nyingine. Aliandika chini yake: Mtu kama Mwadime asife. Hilo lilikuwa zito. Akaliacha hapo lilipo, akalizungushia duara, maana lilihitaji jibu na sasa aliliona linahitaji jibu gani: Karani usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, katika zahanati, mbele ya muuguzi, kisha basi. Hilo liliwezekana. Mbona hakuwa ameliona wiki zote hizo? Alikuwa amelizunguka tu, kama ng'ombe aliyefungwa kambani.

Mkono ukaendelea. Nataka picha ibaki sokoni.

Alisimamisha penseli. Uso ulipata moto ingawa hapakuwa na mtu. Picha yenyewe haikuwa hata yake. Akaandika polepole zaidi: Nataka waendelee kusema imetengenezwa hapa.

Ndilo hilo. Jambo lililokuwa limemkalia kifuani miezi mitatu, ambalo kichwani lilikuwa kubwa kama mlima Vuria, lilienea kwenye mstari mmoja na nafasi ikabaki. Alilitazama bila chuki. Halikuwa jambo baya kulitaka. Alitoka katika kilima kilichozoea kutuma viazi na kuletewa kila kitu kingine, na alitaka mara moja tu kitu kishuke kutoka huku. Angeendelea kulitaka. Ila halikuwa na haki ya kuamua peke yake.

Aliichana karatasi vipande vipande akaenda kumtafuta Mwadime.

*

Siku ya Waziri jua lilitoka. Uwanja wa Wundanyi ulijaa hadi kwenye matuta ya juu, kwaya ikaimba, na mkataba ukawekwa mezani chini ya hema pamoja na kalamu mbili za dhahabu ambazo hakuna mtu aliyekuwa amezitumia kuandikia chochote. Mkamburi alipopewa kipaza sauti alikishika kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Waziri, wazee wangu, mama zangu," alisema. "Nimekuja kuwaambia kwamba mashine yangu haiko tayari kuuzwa, na huenda isiuzwe kamwe kwa namna mliyoahidiwa. Inaondoa uzito haraka. Ikitumika muda mrefu inamnyang'anya mtu uwezo wa kusema kinachomsumbua. Nimepima mwenyewe. Penseli imeishinda."

Watu walicheka, wakidhani ni utani wa kuanzia. Alingoja mpaka wakanyamaza, akasema tena, na mara hii akaeleza yaliyotokea siku ya radi bila kumtaja kijana kwa jina. Alieleza mpango wake: Karani kwa siku tatu tu, usiku, zahanatini, kisha penseli. Waziri alikuwa ananong'onezana na msaidizi wake.

Kutoka katikati ya uwanja mama mmoja aliyevaa sweta ya kijani alisimama. "Daktari, kwa hiyo kiwanda hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Nimeuza ng'ombe kwa ajili ya mafunzo."

Mkamburi alimgeukia. Alisema, "Pole, mama. Kosa ni langu mimi, na nitakuja nyumbani kwako tulizungumze." Na kweli alikwenda, baadaye, na halikuwa jambo jepesi.

Mwadime alipanda jukwaani bila kuitwa. Alichukua kipaza sauti akasema jina lake, akasema kwamba Karani alimtoa katikati ya malori na kwamba angetamani kuitetea mashine hii hadi kesho, kisha akasoma nambari zote, za wiki ya kwanza hadi ya mwisho, zile nzuri na zile mbaya. Alipomaliza, Waziri alikuwa ameshaingia garini.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliteremka uwanjani wawili wawili wakizungumza kwa sauti ya chini. Mama yake Mkamburi alimshika mkono njia nzima hadi nyumbani, na walipofika mlangoni alimwambia, "Umesema vizuri. Hukutafuta maneno."

Picha waliiondoa siku hiyo hiyo. Wawuda aliiomba turubai akaezekea banda la mbuzi.

*

Mwaka uliofuata, wakati wa kabeji nyingi, basi dogo lilisimama mbele ya Ukumbi wa Anga, Voi. Walikuwa wageni kutoka Lusaka, ambako nao walikuwa wamejenga ukumbi wao na waongozaji wao walikuwa wameanza kusimama barabarani. Kiongozi wao aliitwa Bi Mutinta, mwanamke mrefu mwenye suti ya kijivu, aliyeuliza maswali mafupi na kuangalia saa.

Mkamburi aliwaonyesha kwanza chumba cha zahanati, ambapo Karani alikuwa na vitanda vitatu na muuguzi mmoja. Wageni walipiga picha nyingi. Kisha aliwafungulia mlango wa chumba cha pili, kikubwa zaidi, chenye meza ndefu.

Zamu ilikuwa imekwisha muda si mrefu. Waongozaji thelathini hivi walikuwa wameinamia karatasi, na hakukuwa na sauti isipokuwa ya penseli, kama mvua nyembamba juu ya majani ya mgomba. Wawuda alikuwa mwisho wa meza, mwongozaji mkuu sasa. Karibu na dirisha Righa alimaliza mstari, akausoma akicheka peke yake, akaichana karatasi akaitupa kapuni, akachukua koti akawapita wageni mlangoni.

"Habari za leo, Daktari," alisema. "Nilikuwa na mwongozaji mwenzangu aliyenikera mpaka nikataka kumpiga. Kumbe nilikuwa na njaa tu. Naenda kula."

Bi Mutinta alimfuata kwa macho. "Hii ndiyo teknolojia yenyewe?" alimwuliza Mkamburi kwa Kiswahili cha uangalifu. "Tumesafiri mbali."

"Ndiyo hii," Mkamburi alisema. Alijisikia amesimama wima kabisa, kama siku ile sokoni, na safari hii hakutafuta simu ya kujifichia. "Imetengenezwa hapa. Tulijenga mashine ya gharama kubwa sana ili tuijue penseli, na sasa tunajua kwa nini inafanya kazi, wapi katika ubongo, na kwa nani isitumike. Nitakupa vipimo vyote uende navyo. Lakini ukitaka kujua ilivyo, keti."

"Mimi sikuja kama mgonjwa."

"Sijasema hivyo."

Mgeni aliangalia saa. Aliwaangalia wenzake, waliokuwa tayari wanarudi kwenye basi, kisha akavuta kiti cha Righa akaketi kwenye ukingo wake kama mtu asiyekusudia kukaa. Penseli aliishika vibaya. Mwanzo hakuandika chochote. Kisha aliandika neno moja, akalifuta, akaandika jingine, na kichwa kikainama.

Nje dereva alipiga honi. Alipoipiga tena, Bi Mutinta hakuinua kichwa. Mkono wake ulikuwa umefika mstari wa tatu na mgongo wake, uliokuwa umenyooka tangu alipoteremka, ulikuwa umepinda juu ya meza kama wa mwanafunzi. Mkamburi aliufunga mlango taratibu, akatoka juani, akaenda hadi dirishani kwa dereva.

"Zima injini, ndugu yangu," alimwambia. "Mgeni wetu bado yuko kazini."